Kuheshimu Imani ya Mwingine

Mtu anaweza kuamini kwamba jirani yake amekosea kabisa kuhusu Mungu, kuhusu wafu au kuhusu namna ya kumlea mtoto, na bado wakachota maji kisima kimoja, wakakopeshana mbegu na kuzikana. Swali gumu ni kile hasa anachostahili jirani huyo. Mara nyingi mambo matatu huchanganywa hapa. La kwanza ni haki ya kila mtu kuamini anachokiamini bila kuadhibiwa. La pili ni adabu anayostahili kama binadamu. La tatu ni kuithamini imani yenyewe, yaani kukiri kwamba ndani yake mna ukweli au busara fulani. Mawili ya kwanza hayahitaji mjadala mrefu. La tatu hakuna awezaye kulidai, kwa sababu moyo hauamrishwi kusadiki. Hata hivyo linaweza kupatikana, na njia yake ni kuijua imani ya mwenzako kwa kuwasikiliza wenyewe kabla ya kuihukumu.

Kusini mwa Tanzania, katika nchi inayoanzia Ruangwa na Nachingwea hadi Masasi, swali hili limejaribiwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Chinongwe ni kata ya wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, jirani na Nachingwea. Wenyeji wengi ni Wamwera, nao wamechanganyika na Wamakua, Wayao na Wamakonde. Hulima korosho, ufuta, mtama, mbaazi na mihogo. Waislamu na Wakristo hukaa kijiji kimoja, mara nyingi ukoo mmoja, na chini ya dini hizo mbili zimo mila za mababu ambazo hazijawahi kung'oka. Kwa jadi ukoo hufuatwa upande wa mama, ndiyo maana mjomba ana sauti juu ya watoto wa dada yake, hata ikiwa yeye ni Mwislamu na baba mtoto ni Mkristo. Katika nchi ya namna hiyo, imani inayopingana na ya mtu haikai ng'ambo ya bahari. Imeketi naye mkeka mmoja.

Jambo lililowagonganisha wamisionari na wenyeji kuliko yote lilikuwa jando na unyago. Baada ya mavuno, wavulana walipelekwa kumbini, wakatahiriwa na ngariba, wakakaa porini wiki kadhaa chini ya uangalizi, wakafundwa adabu, siri za utu uzima na wajibu kwa wazee. Wasichana walifundwa na makungwi wanawake. Kabla ya yote hayo wazee walitambika. Kwa Wayao, unga wa mtama ulimwagwa chini ya mti wa msolo na majina ya waliokufa yakatajwa, ili wari wasipatwe na mabaya. Ambaye hakupitia jando alihesabiwa mtoto hata awe na mvi. Hakuoa kwa heshima, wala hakukaa katika baraza la watu wazima.

Wamisionari walilikuta hilo na wakatofautiana. Misheni ya Kianglikana ya UMCA ilianza Masasi mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowapeleka huko watumwa waliokombolewa kutoka Zanzibar. Wabenediktini kutoka Ujerumani walifungua Lukuledi na Nyangao katika miaka ya 1890, kisha Ndanda mwaka 1906. Kwa muda mrefu Wabenediktini waliupinga utaratibu wa jando na unyago wa jadi, wakaona ni upagani usioweza kuoshwa. Msimamo huo ulikuwa na uaminifu wake: mtu anayesadiki kwamba matambiko ni dhambi hawezi kuyabariki. Lakini marufuku ya aina hiyo humweka mzazi njia panda. Akitii kanisa, mwanawe anadharauliwa na rika lake. Akitii ukoo, yeye mwenyewe anatengwa na kanisa. Wengi waliwapeleka watoto kwa siri, na imani inayofichwa haiwezi tena kuzungumzwa na padri wala na mzee.

Upande wa Waanglikana alitokea mtu aliyeuliza swali tofauti. William Vincent Lucas alifanya kazi Masasi akiwa padri, na dayosisi ya Masasi ilipoanzishwa mwaka 1926 akawa askofu wake wa kwanza hadi mwaka 1944. Hoja yake, kwa ufupi, ilikuwa kwamba mila isihukumiwe kwa sura yake ya nje. Iulizwe kwanza inawafanyia nini watu. Jando lilimwingiza kijana katika jamii, likamfundisha kustahimili maumivu, likamfunga kwa wenzake na kwa wazee. Mambo hayo, alisema, si adui wa Injili, na anayeyabomoa bila kuweka kitu mahali pake anawaachia watu shimo. Basi likaandaliwa jando la Kikristo. Wavulana walikwenda kumbini kama kawaida, wakatahiriwa, wakafundwa, wakatolewa kwa shangwe, lakini mahali pa matambiko zikaingia sala, mafundisho yaliyoonekana machafu yakaondolewa, na mapadri Waafrika wakashika nafasi kubwa iliyokuwa ya wazee wa mila. Mwaka 1928 Lucas alichapisha maelezo ya njia hiyo, na habari za Masasi zikasomwa na wamisionari katika nchi nyingi.

Kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo kubwa. Askofu Mwingereza, chini ya utawala wa kikoloni, alikubali kwamba wakulima wa Masasi walikuwa na jambo ambalo kanisa lake lingejifunza. Mapadri wa misheni hiyo waliingia katika lugha na desturi kwa bidii. Lyndon Harries, mmoja wao, aliandika juu ya jando na unyago wa Wamakonde mwaka 1944, na baadaye akatoa kitabu cha sarufi ya Kimwera. Mtu hawezi kuandika sarufi ya lugha ya watu bila kuketi nao na kukubali kusahihishwa nao mara elfu. Kukaa kwa namna hiyo kuna uzito kuliko tamko lolote la kuheshimu tamaduni.

Hata hivyo njia ya Lucas ilikuwa na dosari iliyojificha ndani ya wema wake. Nani aliamua kipi katika jando ni kizuri na kipi ni kichafu? Askofu ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho. Mila ilipokelewa, lakini funguo zake zilihama mikono. Terence Ranger, mwanahistoria aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, aliichunguza habari ya Masasi kwa kina na kuonyesha kwamba mapadri na waumini Waafrika hawakuwa na kauli moja kuhusu jando hilo. Wapo waliolipokea kwa furaha. Wapo walioona kanisa linajichafua kwa mambo ambayo wao wenyewe waliyaacha kwa gharama kubwa. Kundi hili la pili ni rahisi kulisahau. Mwafrika aliyeongoka na kuachana na matambiko alikuwa na imani yake pia, nayo ilistahili kusikilizwa kama ile ya mzee wa mila. Mgeni anapoamua kuwaheshimu watu kwa kuwarudishia jadi yao, hujisahau na kudhani kila mtu wa mahali pale anaitaka jadi hiyo.

Unyago wa wasichana ulikuwa mgumu zaidi kwa askofu, kwa kuwa ulikuwa mikononi mwa makungwi na mambo yake hayasemwi mbele ya wanaume. Hapo heshima ilikutana na ukuta: hakuna namna ya kupima kwa haki jambo usiloruhusiwa kulijua, na bado wapo watoto wanaopitishwa humo.

Imani inayopingana na ya mtu inaweza pia kuwa na makosa yanayoua, na historia ya Lindi ina mfano mchungu. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe, alifundisha kwamba maji yake yangegeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Wajerumani walimnyonga huko Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo, lakini maji yalikwisha kusambaa. Vita vya Maji Maji viliingia bara ya Lindi mwezi huohuo, na misheni za Nyangao na Lukuledi zikachomwa. Askofu Mbenediktini Cassian Spiss na wenzake waliuawa njiani karibu na Liwale. Wajerumani walijibu kwa kuchoma vijiji na mashamba, na njaa ikaua wengine wengi. Makadirio ya waliokufa huanzia watu 75,000 na kufika 300,000.

Risasi hazikugeuka maji. Hakuna Mtanzania leo anayetetea nguvu ya dawa ile, na bado Kinjikitile anahesabiwa miongoni mwa mashujaa wa taifa, akafanywa hata mhusika mkuu wa tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969. Watu wanamheshimu kwa sababu mafundisho yake yaliunganisha makabila ambayo hayakuwahi kushika silaha pamoja, na kwa sababu dhuluma waliyoikataa, yaani kulazimishwa kulima pamba, kodi na viboko, ilikuwa ya kweli. Huu ni ushahidi kwamba mtu anaweza kuikataa kauli ya imani fulani neno kwa neno na bado akawapa heshima kamili walioishika. Kinyume chake nacho ni kweli: kumheshimu Kinjikitile hakumlazimishi mwalimu wa historia kuficha darasani kwamba maji hayakufanya kazi. Watoto wanaohitaji kujua kwa nini babu zao walikufa wanastahili jibu lililo kamili.

Katika maisha ya kila siku, imani zinazopingana hukutana zaidi jikoni kuliko vitani. Msiba au harusi ikiwa ya Wakristo, mbuzi akiletwa hutafutwa Mwislamu wa kuchinja. Hunoa kisu, humlaza mnyama na kumwelekeza kibla, husema Bismillahi, Allahu Akbar, hukata mara moja na kumwachia damu imtoke kabla hajachunwa. Mwenye shughuli halazimiki kuamini chochote juu ya kibla. Anachotaka ni wageni wake wote wale bila wasiwasi, na hataki kumwona shemeji yake akikaa pembeni na sahani ya wali mtupu. Desturi hii imeenea Tanzania nzima na imefanya kazi vizuri kwa muda mrefu, kwa sababu mtoaji anatoa kwa hiari na mpokeaji anajua amepewa.

Mwaka 2013 ilionekana kinachotokea hiari ikiondoka. Mikoa ya Mwanza na Geita ilikumbwa na mgogoro wa kuchinja. Baadhi ya Wakristo walidai haki ya kuchinja na kuuza nyama wenyewe, baadhi ya Waislamu wakaona utaratibu wa siku zote unavunjwa, na mwezi Februari mchungaji mmoja aliuawa Buseresere, mkoani Geita. Hakuna hoja ya dini inayoweza kuhalalisha mauaji yale. Lakini chanzo cha mvutano kinafaa kuangaliwa kwa utulivu. Kwa Mkristo, kumwachia Mwislamu kisu kulikuwa ukarimu. Pale ilipoanza kusemwa kwamba ni lazima, ukarimu uligeuka kuwa utii kwa sheria ya dini isiyo yake. Kwa Mwislamu, kwa upande wake, kununua nyama asiyojua imechinjwaje ni kuingizwa katika haramu bila kujua. Wote wawili walikuwa na jambo la haki mkononi. Bucha zinazotangaza wazi nyama yao imechinjwa na nani zingewatosha wote, maana kila mmoja angejua anachonunua bila kumwamrisha mwenzake.

Mvutano mwingine hutokea kwa maneno. Tangu miaka ya 1980 mihadhara ya hadharani imekuwa maarufu nchini, ambapo wahubiri wa Kiislamu husoma Biblia mbele ya umati na kutoa hoja kwamba Yesu si Mungu. Wahubiri wa Kikristo nao wana mikutano yao na majibu yao. Malalamiko kuhusu mahubiri ya aina hiyo yalichangia tukio la Mwembechai, Dar es Salaam, Februari 1998, ambapo polisi waliingia msikitini, ghasia zikazuka na watu wakafa kwa risasi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakataza kutukana dini na kuvuruga ibada, na makatazo hayo yana sababu nzuri katika nchi yenye waumini wa kila aina. Tatizo ni kupambanua tusi na itikadi. Mwislamu anaposema Yesu ni nabii, si Mungu, anataja msingi wa dini yake. Mkristo anaposema Yesu ni Mwana wa Mungu, naye anataja msingi wa dini yake. Kila kauli inaikana nyingine moja kwa moja, na haiwezekani kuzitamka zote bila mmoja kuguswa. Ikiwa kuguswa tu ni kosa la jinai, basi dini zote mbili zimekuwa kosa. Tusi liko kwingine: katika kumkejeli mtu, kumzushia, kukichezea kitabu chake au kuisimamisha sala yake kwa kelele. Mstari huo unaweza kuchorwa, na Mtanzania wa kawaida anaujua vizuri zaidi kuliko inavyodhaniwa. Ndugu wawili wa ukoo mmoja, mmoja shehe na mwingine katekista, hubishana juu ya Utatu jioni nzima, kisha hula futari pamoja.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi wa dini, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini au imani yake. Sehemu hiyo ya mwisho hukumbukwa mara chache, nayo ndiyo inayowauma wengi. Kuheshimu imani ya ukoo mzima ni rahisi kuliko kuheshimu uamuzi wa binti mmoja wa ukoo huo anayehama. Msimamo wa Mwalimu Nyerere, kwamba serikali haina dini ila wananchi wana dini zao, unamhusu binti huyu kama unavyomhusu askofu na mufti. Ibara ya 30 nayo inaweka mpaka: haki na uhuru havitumiki kwa namna inayovunja haki na uhuru wa wengine.

Mpaka huo ndio unaohitajika pale imani inapoleta madhara. Imani ya uchawi imeenea nchini kote, na sheria ya kuushughulikia ipo tangu mwaka 1928. Kumcheka bibi anayeamini amerogwa hakumsaidii. Lakini imani hiyohiyo imesababisha vikongwe kuuawa kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kuni na samadi, na watu wenye ualbino kukatwa viungo. Hapa hakuna la kupima kwa upole. Anayeamini ana haki ya hofu yake. Hana haki juu ya mwili wa mwingine. Wala si lazima kusubiri damu imwagike ndipo imani ya namna hiyo ipingwe kwa hoja, shuleni, misikitini na makanisani, maana kumwambia mtu ukweli kwa adabu ni sehemu ya kumheshimu.

Suala la watoto ndilo gumu kuliko yote, na linarudisha mjadala Chinongwe na vijiji vya jirani. Mtu mzima hujichagulia imani, mtoto huchaguliwa. Kwa wavulana njia imepatikana bila kelele nyingi. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tohara ya kitabibu kuwa mojawapo ya njia za kupunguza maambukizi ya Virusi vya UKIMWI. Mvulana anaweza kutahiriwa kwa vifaa safi na ganzi, na bado akapelekwa kufundwa na kutolewa kwa ngoma. Familia zinazofanya hivyo hazijaikana mila. Zimetambua kwamba moyo wa jando ni mafundisho na kupokewa na watu wazima, na kwamba wembe mmoja unaopita kwa wari kumi si sehemu ya heshima ya mababu.

Kwa wasichana kazi bado. Unyago hutangaza kwamba binti amekua, na akifundwa akiwa na miaka tisa au kumi, wapo watakaomtazama kama mke kabla hajamaliza darasa la saba. Sheria imesogea: marekebisho ya mwaka 2016 ya Sheria ya Elimu yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Mwaka huohuo Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo mwaka 2019. Lakini hukumu haiingii unyagoni. Wanaoingia ni makungwi. Wao wana imani yao juu ya kumfanya mtoto kuwa mtu, wana masikio ya wasichana kuliko mwalimu yeyote, na wengi wao hawataki mjukuu wao aache shule. Maofisa wa elimu na afya wa Ruangwa na Nachingwea wawafuate makungwi hao, wawasikilize kwanza, kisha wakubaliane nao juu ya umri wa binti kufundwa na yale anayopaswa kusikia humo, ikiwemo kwamba unyago haumalizi masomo.